Kipima muda na kizuia tovuti: jinsi ya kukitumia bila kuanika siri zako

Mpe mtu dakika moja na mipangilio ya kizuia tovuti chako, naye atakujua kuliko jirani wa miaka kumi. Ataona tovuti mbili za kubeti, moja ya mikopo ya haraka, TikTok, na ukurasa wa kutafuta kazi uliozuiwa kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Historia ya kivinjari huwa na mengi ya kupita njia tu, lakini orodha hii umeiandika mwenyewe, na kila mstari wake ni mahali unapojua huwezi kujizuia. Kipima muda nacho kinaongeza ulianza kazi lini, ulikatiza mara ngapi na siku gani hukufanya lolote.

Sasa zingatia jambo moja kabla ya mengine yote: kazi hizi mbili hazihitaji seva, yaani kompyuta ya mtu mwingine mtandaoni. Kuhesabu dakika 25 za kazi na 5 za kupumzika, kwa mtindo wa Pomodoro ulioanzishwa na Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980, ni kazi ya saa iliyo ndani ya kompyuta yako. Kuzuia tovuti ni sheria ambayo kivinjari hujitekelezea chenyewe. Kwa hiyo kila kinachotoka kwenye mashine kina deni la maelezo. Sababu za kweli ni chache: kulinganisha mipangilio kati ya kompyuta zako mbili, kuthibitisha malipo, au kusoma pamoja na wenzako walio mbali. Nje ya hizo, kuna mtu anayekusanya kwa sababu zake.

Soma ruhusa kabla ya kusakinisha

Chrome huonyesha kisanduku cha ruhusa pale unapobonyeza "Add to Chrome". Wengi hukipita kama masharti ya benki. Kwa kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) cha aina hii, kuna maneno matatu ya kuangalia.

"Block content on any page" ndiyo nyepesi kuliko zote. Kiendelezi hukikabidhi kivinjari orodha ya sheria, na kivinjari ndicho kinachozuia. Mwenye kiendelezi haoni unafungua nini. Njia hii inaitwa declarativeNetRequest, na imekuwa kwenye Chrome tangu toleo la 84.

"Read your browsing history" maana yake kiendelezi kinaweza kuona anwani na vichwa vya kurasa ulizofungua kwenye vichupo.

"Read and change all your data on all websites" ni ufunguo wa nyumba nzima. Kinaweza kusoma barua pepe yako ikiwa wazi mbele yako, fomu ya kodi ya iTax unayojaza, salio lako la benki. Kinaweza pia kubadilisha unachokiona.

Kuomba ruhusa hiyo ya tatu hakumfanyi mtu kuwa mwizi. Kizuia tovuti kinachokupeleka kwenye ukurasa wake wa "rudi kazini" kinahitaji idhini juu ya tovuti unayozuia, na kinachohesabu dakika ulizotumia YouTube lazima kijue YouTube iko wazi. Swali la kujiuliza ni kama unazihitaji huduma hizo. Ukitaka mlango ufungwe tu, chukua kile chenye ruhusa nyepesi. Na kama ni kipima muda peke yake, bila kuzuia chochote, hakina sababu ya kuomba zaidi ya kuonyesha arifa. Kikiomba kusoma tovuti zote, kiache hapo hapo.

Sehemu ya faragha kwenye duka la Chrome inasaidia kidogo, ila kumbuka kwamba msanidi, yaani aliyetengeneza kiendelezi, ndiye aliyeijaza. Kwa Firefox, viendelezi vipya vilivyowasilishwa tangu tarehe 3 Novemba 2025 vinatakiwa kutaja ndani ya manifest, faili yao ya maelezo, aina za data vinazokusanya, na kivinjari hukuonyesha wakati wa kusakinisha. Vya zamani bado unavisoma kwa macho yako mwenyewe.

Kuna hatari nyingine ambayo hata kusoma kwa makini hakuizuii. Viendelezi hujisasisha vyenyewe, na vinauzwa. The Great Suspender, kilichokuwa kikipumzisha vichupo visivyotumika, kiliuzwa mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa na msimbo hatari. Desemba 2024, kiendelezi cha kampuni ya usalama ya Cyberhaven kilipewa toleo bovu baada ya mfanyakazi wake kunaswa kwa barua pepe ya ulaghai. Toleo jipya likiomba ruhusa zaidi, Chrome hukizima kiendelezi mpaka ukubali. Lakini ikiwa ulishakipa tovuti zote siku ya kwanza, mmiliki mpya hana haja ya kukuuliza tena. Ndiyo maana hatua inayofuata ina uzito.

Bana ruhusa mara moja

1. Andika chrome://extensions kwenye sehemu ya anwani, kisha bonyeza "Details" chini ya kiendelezi chako.
2. Tafuta "Site access" na uchague "On specific sites".
3. Ongeza tovuti unazotaka zizuiwe, hizo tu. Andika kila anwani kamili: https://www.youtube.com ni moja, https://m.youtube.com ni nyingine.
4. Hakikisha "Allow in Incognito" imezimwa, isipokuwa umeamua vinginevyo kwa sababu itakayotajwa hapa chini.

Baada ya hapo eCitizen ya huduma za serikali, benki na barua pepe ziko nje ya macho ya kiendelezi bila wewe kuzitaja.

Tatizo linalotokea mara nyingi: unaongeza tovuti mpya kwenye kizuia, kesho yake inafunguka kama kawaida. Hakuna ujumbe wa kosa. Ni kwamba uliiongeza upande mmoja ukasahau "Site access". Irudie hatua ya 3. Wengine huchagua "On click", ambayo huonekana salama zaidi, lakini kizuia kinachosubiri ukibonyeze ndipo kikuzuie ni sawa na askari wa geti anayemuuliza mwizi kama angependa kukamatwa.

Kuhusu hali fiche (Incognito), lazima uchague. Ukikizima kiendelezi huko, umejiachia mlango wa nyuma: ukizidiwa, unafungua dirisha fiche na TikTok hiyo hapo. Ukikiwasha, umekipa kiendelezi kuona dirisha ulilolifungua ili usionekane. Kwa aliyebana tovuti kama ilivyoelezwa, kukiwasha hakuna hatari kubwa, kwa sababu bado kinaona zile chache tu. Kwa ambaye hajabana, kisiwashwe kabisa.

Kama shughuli zako za pesa hufanyika kwenye kivinjari, tengeneza wasifu wa pili wa Chrome usio na kiendelezi hata kimoja, uutumie kwa benki na iTax pekee. Inachukua dakika mbili.

Angalia kinachotoka

Hapa ndipo maneno ya duka hukutana na ukweli. Huhitaji kuwa mwanaprogramu.

Anza na jaribio la bure. Zima Wi-Fi, kisha ongeza tovuti moja kwenye orodha, anzisha kipindi, funga kivinjari na ukifungue tena. Kila kitu kikifanya kazi, ni dalili njema. Kikikudai uingie kwenye akaunti ili uhesabu dakika 25, basi orodha yako inaishi kwenye seva ya mtu. Jaribio hili halitoshi, kwani kiendelezi kinaweza kukusanya kimyakimya na kutuma mtandao ukirudi.

Kwa hiyo washa Wi-Fi na ufanye la pili. Kwenye chrome://extensions washa "Developer mode" upande wa juu kulia. Kando ya kiendelezi patatokea "Inspect views" na kiungo cha "service worker", sehemu ya kiendelezi inayofanya kazi nyuma ya pazia. Kibonyeze, nenda kwenye "Network", weka alama kwenye "Preserve log". Sasa ongeza kwenye orodha ya kuzuia jina ambalo halipo duniani, kwa mfano sirikuu77.example. Mwisho wa .example umetengwa kwa mifano, hivyo hutamsumbua mtu. Anzisha kipindi, kikatize, jaribu kufungua hiyo sirikuu77.example, subiri dakika chache, kisha tafuta neno "sirikuu77" ndani ya yote yaliyorekodiwa kwa Ctrl na F. Likionekana kwenye ombi lolote linaloenda nje, orodha yako inasafiri.

Usiishie hapo, maana wengi huangalia dirisha hilo moja na kutangaza kwamba kiendelezi ni safi. Kuna sehemu nyingine tatu zenye rekodi zao: kidirisha kinachotokea ukibonyeza ikoni, ambacho unakibonyeza kulia na kuchagua "Inspect", ukurasa wa mipangilio, na ukurasa wenyewe wa "umezuiwa". Hizi mbili za mwisho zifungue kwa F12.

Utakachokutana nacho mara kwa mara ni hiki.

Ombi kwa google.com/s2/favicons likifuatwa na jina la tovuti. Msanidi alitaka orodha yako iwe na nembo ndogo za kupendeza, akaziomba Google moja baada ya nyingine. Hakuwa na nia mbaya, lakini orodha nzima ya udhaifu wako imesomwa kwa sauti kila unapofungua mipangilio. Kivinjari kina uwezo wa kutoa nembo hizo kutoka hifadhi yake mwenyewe, kwa hiyo hiki ni kiendelezi cha kumwandikia msanidi barua ya adabu.

Picha ya milima au msemo wa kutia moyo kwenye ukurasa wa kuzuiwa. Ukiletwa kutoka seva ya nje, kila unapoteleza seva ile hupokea anwani yako ya IP na saa kamili. Bando nalo linaliwa.

Maombi kwa google-analytics.com. Soma yaliyomo: je, yanataja tukio tu, kama "kipindi kimeanza", au yanataja na tovuti?

Ripoti za hitilafu kwenda huduma ya nje. Zinasahaulika, ila ripoti ya hitilafu inaweza kubeba anwani ya ukurasa uliokuwa wazi programu ilipokwama.

Laini inayoanza na wss:// isiyokatika, yaani WebSocket, mawasiliano ya kudumu na seva. Hii inahitaji maelezo. Chrome huizima service worker ya kiendelezi ikikaa sekunde 30 bila kazi, na msanidi asiyejua hilo hukuta kipima muda kinakufa katikati ya kipindi. Tiba sahihi ni kuhifadhi saa ya kumalizika na kuweka kengele kwa chrome.alarms, ambayo tangu Chrome 120 inaweza kulia hata kila baada ya sekunde 30. Njia ya mkato ni kuacha WebSocket wazi, kwa kuwa tangu Chrome 116 mawasiliano yake huhesabiwa kama kazi. Matokeo yake, seva inajua kila dakika uliyokaa kwenye meza yako, na kosa la uhandisi limegeuka kuwa ufuatiliaji. Angalizo dogo: dirisha la uchunguzi likiwa wazi, service worker haizimwi, kwa hiyo kipima muda kibovu kitaonekana kizima ukiwa unakitazama.

Mwisho, wasanidi wanaruhusiwa kuweka anwani inayofunguka yenyewe unapokiondoa kiendelezi, na anwani hiyo inaweza kubeba namba yako ya utambulisho. Ukiona kichupo cha "tunasikitika unaondoka", soma mstari wa anwani kabla ya kujibu maswali yao.

Kinachobaki kwenye mashine

Kiendelezi kisichotuma kitu bado kinaandika. Hifadhi ya ndani iko kwenye folda ya wasifu wako, na haijafichwa kwa ufunguo wowote. Anayetumia akaunti yako ya Windows anaweza kuisoma. Kurasa za kuzuiwa pia zinaweza kuingia kwenye historia, jina la tovuti likiwa ndani ya anwani. Kwa kompyuta ya familia inayotumiwa na watu wanne, dawa ni akaunti nne za Windows. Kiendelezi hakiwezi kufanya kazi hiyo.

Baadhi hutumia hifadhi inayosafiri na akaunti yako ya Google. Ina nafasi ya takriban KB 100 kwa jumla na KB 8 kwa kila kipengele, ndiyo maana orodha ndefu wakati mwingine hukataa kufika kwenye kompyuta ya pili. La faragha ni kwamba ukiingia kwenye akaunti yako ndani ya Chrome ya saiba na kuwasha usawazishaji, viendelezi vyako na orodha zao vinaweza kukufuata hadi pale. Kwenye saiba tumia "Guest", uchapishe unachochapisha, ufunge dirisha.

Kompyuta ya ofisi ni habari nyingine. Fungua chrome://management. Ikisema kivinjari kinasimamiwa na shirika, msimamizi anaweza kujua viendelezi ulivyoweka, na anaweza kukuwekea vyake. Zuia humo tovuti ambazo usingeona haya bosi akizijua. Zile za kubeti zishughulikie kwenye simu yako.

Na kwenye simu, Chrome ya Android haipokei viendelezi vya kawaida. Firefox ya Android inapokea. Tahadhari na programu za kuzuia zinazoomba huduma ya "Accessibility". Ruhusa hiyo huiwezesha programu kusoma maandishi yaliyo kwenye skrini, zikiwemo jumbe zako za M-PESA, jambo ambalo ni zito kuliko chochote ambacho kiendelezi cha kivinjari kingeomba. Simu nyingi za Android zina Digital Wellbeing yenye hali ya umakini, na inatosha.

Ukihifadhi nakala ya mipangilio, faili ya JSON inayotoka ni maandishi wazi. Usijitumie kupitia kundi la WhatsApp la ofisi kwa bahati mbaya, hutokea. Ukiisoma, saa zenye herufi Z mwishoni ni za UTC, saa ya kimataifa iliyo saa tatu nyuma ya Nairobi. Kipindi ulichoanza saa tatu asubuhi kitaandikwa 06:00, na mtu aliyezoea kusoma saa kwa Kiswahili anaweza kuapa kwamba ni saa sita. Wakati wa kuweka ratiba andika 09:00, kwani ukiandika 03:00 kizuia kitaanza kazi alfajiri ukiwa umelala.

Kuzuia bila kiendelezi

Faili ya hosts inazuia bila mtu wa tatu. Kwenye Windows fungua Notepad kwa "Run as administrator", kisha fungua C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts. Ongeza mwishoni:

0.0.0.0 tiktok.com
0.0.0.0 www.tiktok.com

Hifadhi, andika ipconfig /flushdns kwenye Command Prompt, funga kivinjari na ukifungue upya. Isipofanya kazi, kuna uwezekano Notepad imeihifadhi kama hosts.txt. Faili hii haielewi nyota, hivyo kila jina dogo linahitaji mstari wake. Inazuia kompyuta nzima kwa watumiaji wote, na yeyote aliye kwenye kompyuta hiyo anaweza kuifungua na kuisoma. Ratiba haina. Kwa kipima muda, saa ya jikoni inatosha.

Akaunti, malipo, na haki zako

Ukilazimika kufungua akaunti, tumia barua pepe isiyo na jina lako wala ya kazini, na uepuke kitufe cha kuingia kwa Google, ambacho hupeleka jina na picha. Malipo yoyote, ya kadi au ya M-PESA, yanaunganisha orodha na mtu halisi. Kama toleo la bure linatosha, libaki hilo.

Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inawagusa hata walio nje ya nchi, mradi wanachakata data za watu walio Kenya. Baadhi ya yale ambayo orodha ya kuzuia hufichua, kama afya, imani au hali ya ndoa, sheria huyahesabu kuwa data nyeti. Barua fupi inatosha:

"Naomba nakala ya data zote binafsi mlizo nazo zinazohusu akaunti yangu, zikiwemo orodha ya tovuti nilizozuia, kumbukumbu za vipindi, na majina ya wote mliowapa. Baada ya hapo naomba zifutwe na mnithibitishie kwa maandishi."

Kanuni za 2021 zinatoa siku 7 za kujibu ombi la kuona data na siku 14 la kufuta. Ikiwa msanidi yuko ng'ambo, iandike kwa Kiingereza. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data pamoja na picha za skrini za dirisha la "Network". Sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90.

Ukiamua kuachana na kiendelezi, fuata mpangilio huu, kwa kuwa ukianza na "Remove" utafuta hifadhi ya ndani na kuacha ya seva bila mlango wa kuifikia. Kwanza omba nakala, kisha futa akaunti ukiwa ndani yake, safisha orodha mwenyewe na usubiri usawazishaji umalizike, ndipo uondoe kiendelezi. Futa kurasa zake kwenye historia, halafu ingia kwenye Downloads utafute ile faili ya JSON ya mwezi uliopita.